Kitabu cha kumkumbuka nyanya wa Clydebank: tathmini ya duka la uchapishaji mjini Nakuru

Aliyefiwa hapa Nakuru hakosi pa kuchapishia kitabu cha ibada, ila maduka mengi hutoa kitabu kilekile: jalada lenye mawingu ya machweo, ratiba, wasifu wa ukurasa mmoja, na picha za wajukuu zilizobanwa nyuma hadi sura hazitambuliki. Duka ninalolitathmini ni chumba kimoja katika ghorofa ya pili, katikati ya mji, nami nilikwenda huko na kazi ambayo sikutarajia waiweze.

Dada yangu mkubwa ameolewa Kanada, katika jimbo la Nova Scotia, na nyanya wa mume wake alikuwa amefariki akiwa na umri wa miaka 98. Mama alimfahamu, kwa kuwa mwaka 2009 bibi huyo alitutembelea Lanet kwa siku tisa. Siku ya kwanza mama alimwandalia chai ya rangi, akidhani ndiyo wanayoipenda Wazungu wote. Mgeni akaisogeza kando kwa upole na kuomba ya maziwa, na tangu hapo wakawa mashoga. Habari za msiba zilipofika, mama aliamua tufanye ibada ya kumbukumbu nyumbani, tukahitaji nakala 60.

Anayeandika wasifu dukani ni dada mmoja mpole mwenye daftari la mistari. Nilimtajia yale ya kawaida: alizaliwa Clydebank, Scotland, mwaka 1925, akaolewa na askari wa Kanada wakati wa vita, akahamia kwa mumewe mwaka 1946. Nilidhani angejaza fomu tuondoke. Badala yake aliweka kalamu chini akaniuliza, "Mwalimu, nauli alilipiwa na nani?"

Sikujua, ikabidi nimpigie dada yangu simu usiku. Kumbe nauli ililipwa na serikali ya Kanada, ambayo iliwasafirisha wake wa askari wake wapatao 48,000, wengi wao wakiwa Waingereza na Waskoti, pamoja na watoto wao, hadi bandari ya Halifax na kutoka hapo kwa treni mpaka kwa waume zao. Siku iliyofuata swali lilikuwa meli gani, na jibu lake ndilo lililokizaa kitabu hiki. Nyanya alisafiri kwa Queen Mary, meli iliyojengwa hapo hapo Clydebank na kuteremshwa majini Septemba 1934, yeye akiwa na miaka tisa, na baba yake akiwa miongoni mwa mafundi walioiunga mabati. Usiku wa tarehe 13 na 14 Machi 1941 ndege za Ujerumani ziliuangamiza mji huo, watu zaidi ya 500 wakafa na nyumba chache mno zikabaki bila kuguswa. Familia yake ilipoteza kila kitu, lakini meli ilikuwa salama baharini.

"Basi aliondoka kwao akiwa ndani ya kazi ya mikono ya baba yake," akasema yule dada, kisha akafungua ukurasa mpya. Babu yake mwenyewe alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, aliyefika Burma, na nadhani ndiyo sababu hakuridhika na mstari mmoja. Safari ile ilipewa kurasa mbili; miaka ya shambani, kisima na baridi ya Nova Scotia ikapewa tatu; orodha ya walioachwa, ambayo kwingine humeza nusu ya kitabu, ikapata robo ukurasa.

Upande wa picha siwezi kuusifu. Katika picha ya harusi bibi amevaa koti la kawaida na kofia ndogo, kwa kuwa nguo Uingereza zilinunuliwa kwa kuponi tangu Juni 1941. Kijana wa kompyuta alipendekeza amvike shela. Nilipokataa, alimsafisha uso hadi madoadoa yake yote yakatoweka, na dada yangu alipotumiwa nakala ya majaribio aliuliza huyu ni nani. Marekebisho yalichukua siku mbili zaidi ya zile tulizoahidiwa, na jina la Clydebank bado limekosewa chini ya picha moja.

Bei ilikuwa shilingi 220 kwa nakala ya kurasa 24, karatasi nzito, pini mbili mgongoni, nusu ikilipwa mapema kwa M-Pesa. Si rahisi, ila kwa wasifu ule ningelipa tena. Atakayekwenda amwombe yule dada mapema, kwa kuwa Ijumaa hayupo, na picha azipeleke zikiwa na maagizo ya maandishi kwamba zisiguswe.