Karura kwa wanafunzi: nenda na kipimajoto na kazi ya kufanya

Mwalimu mwenzangu, kama nauli mliyochanga inatosha safari moja tu kwa mwaka, wapeleke watoto Msitu wa Karura, hapa Nairobi. Mimi nafundisha Gredi ya Nne huko Dandora. Uwanja wetu ni vumbi tupu, na mada ya mimea tunaisoma kwa michoro ya ubaoni. Mtoto anachora mzizi, anauandikia jina, anapata alama zake zote, na mzizi wenyewe hajawahi kuushika.

Msitu una zaidi ya hekta 1,000 kati ya Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu, kwa hiyo usijaribu kuumaliza. Chagua njia moja na kazi mbili au tatu. Nimeona ziara nyingi ambazo watoto hushushwa basini, wakapigwa picha, wakala chipsi na kurudishwa nyumbani. Hiyo ni pesa ya wazazi imepotea.

Sisi tulibeba vipimajoto viwili. Kimoja tulikiacha penye jua, kingine chini ya miti, na watoto wakabishana vikali kabla ya kuruhusiwa kusoma namba. Darasani nisingepata ubishi ule hata kwa muhula mzima. Waliandika namba wenyewe, wakatafuta tofauti wenyewe, na hakuna aliyeniuliza kama swali hilo litakuja kwenye mtihani.

Lakini kilichowashika zaidi ni mti uitwao mugumo. Mbegu yake huangushwa na ndege juu ya mti mwingine, ikaota huko huko juu, ikateremsha mizizi hadi ardhini, na baada ya miaka mingi mti wa kwanza hukabwa ukafa. Mvulana mmoja ambaye darasani hutoa sauti tukiita majina tu aliuzunguka mugumo akiingiza mkono kati ya mizizi, akitafuta mti uliomezwa. Kisha akawaeleza wenzake. Nilinyamaza nimwache afundishe.

Mkibahatika mtawaona mbega, kima weusi wenye mabega meupe, ambao walianza kuletwa hapa mwaka 2014 kutoka Kipipiri, Nyandarua. Mbega hana kidole gumba cha maana. Waambie watoto wakunje vidole gumba vyao na kujaribu kushika tawi. Somo la namna mwili unavyofaa mazingira litakuwa limekwisha hapo.

Mtoni, chota maji kwenye chupa ya kioo, yaache yatulie, waangalie kinachozama. Maji ya mito ya Karura huishia Mto Athi, sawa na ya Mto Nairobi unaopita kwetu Dandora, na yote humwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Watoto wangu wanaujua mto wa takataka. Wanahitaji kuona kwamba mto una mahali unapotoka.

Mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau na maporomoko ya maji ni mwendo mrefu kwa miguu midogo. Kwa Gredi ya Sita kwenda juu, sawa. Ila hadithi ya Wangari Maathai usiiache, hata kwa wadogo. Januari 1999 yeye na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda mti hapa, wakati msitu ukigawiwa wajenzi. Ukiisimulia chini ya miti iliyobaki, watoto wanauliza maswali ambayo kitabu hakijawahi kuwachokoza kuyauliza.

Watoto hulipa kiingilio cha chini kuliko watu wazima. Wavae viatu vya kufunga, na msosi ufungwe vizuri kwa sababu ya kima. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi tangu Juni 2020, basi waambie wazazi wiki moja mapema watafute chupa za kudumu, na wewe beba mtungi wa ziada wa maji kwa wale ambao hawatakuwa nazo.