Gia boksi ya Yamaha Enduro 40 kufumuliwa na kufungwa upya: uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka: gia boksi imefumuliwa yote, imefungwa upya, na imemaliza msimu mzima wa kupeleka watu kuona papa potwe hapa Kilindoni, Mafia, bila oili kubadilika rangi. Fundi nampa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano aliipoteza mwenyewe, nitaeleza.

Mashine ni Enduro 40, injini ya boti ya nguvu farasi 40, tustroku (ya mipigo miwili), zile zilizojaa pwani yote. Ilikuwa inaruka gia ya mbele. Ukiongeza moto kupanda wimbi, hasa abiria wakiwa wamejaa, inapiga "kaa!" chini kule, mzunguko unapanda na boti haiendi. Ukifungua skrubu ya chini, oili inatoka kama chai ya maziwa. Hapo hata mtoto wa nahodha anajua maji yameshaingia.

Karakana ya kwanza niliyoipelekea, siwataji, walibadilisha sili mbili (pete za mpira zinazozuia maji) za shafti ya propela, wakajaza oili, wakanikabidhi siku hiyohiyo. Haikuchukua muda maji yakarudi. Sili zilikuwa mpya kweli, shida ilikuwa shafti: pale sili inapokaa palikuwa pamelika, ukipitisha ukucha unakwama kwenye mfereji. Chanzo ni mshipi wa kuvulia. Huku kwetu nailoni zinaelea kila mahali, zinajisokota nyuma ya propela, zinaingia ndani na kukata mdomo wa sili. Aliyefunga sili hizo aliiona shafti mkononi mwake na akanyamaza.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja Dar es Salaam, upande wa Feri. Jambo zuri ni kwamba huna haja ya kusafirisha mashine nzima. Unafungua bolti, unaachia fimbo ya gia, mguu wa chini, ndiyo wenye gia boksi na propela, unashuka peke yake. Niliufunga kwenye gunia, boti ya Nyamisati, basi la Mbagala, nikafika. Nikamwamkia, nikamuuliza kufunga ni kiasi gani. Akaniangalia tu. "Kijana wangu, bei ya kitu ambacho hakijafunguliwa wanaitaja matapeli. Kaa hapo tufungue."

Nikakaa. Ile nyumba ya beringi inayoshika shafti ya propela ilikuwa imegandana na bodi (ganda la nje la mguu) kwa chumvi. Mafundi wengi hapo huchukua nyundo, na bodi ni aluminiamu, ikipasuka ndiyo basi. Yeye alipasha moto kwa mtungi wa gesi, moto ukizungukazunguka bila kutulia mahali pamoja, kisha akavuta kwa pula (kifaa cha kuvutia) polepole mpaka ikatoka nzima. Vitu vyote akavipanga juu ya boksi lililokunjuliwa, kwa mpangilio vilivyotoka.

Akanipa klachi nishike, ile inayoteleza katikati ya gia ya mbele na ya nyuma. Meno yake yanatakiwa yawe na kona kali ili yang'ang'anie, yangu yalikuwa yameviringika kama yamepigwa msasa. Ndiyo maana ilikuwa inaruka. Beringi ya gia ya mbele ilikuwa na madoa ya kutu, ukiizungusha unasikia inakwaruza. Akasema gia ya mbele haibadilishwi peke yake, inakwenda na pinioni yake, ile gia ndogo inayoizungusha, kwa sababu meno yaliyozoeana kuchakaa hayapokei mgeni. Gharama ikapanda hapo, lakini hoja ilikuwa na mantiki.

Spea nilizunguka Kariakoo mwenyewe. Sili za orijino na feki ukiziweka pamoja kwa macho ni zilezile, mpaka utanue mdomo kwa kidole. Feki kispringi chake cha ndani kinachomoka chenyewe, na mpira ni mgumu. Gia, klachi na shafti nilichukua orijino, na gia ilibidi ziagizwe. Impela, ile feni ya mpira ya pampu ya maji, nilichukua ya bei rahisi, kwa kuwa nabadilisha mara kwa mara kutokana na mchanga.

Kwenye kufunga, alipima mchezo wa meno ya gia, yaani nafasi inayobaki kati yake, kwa geji ya saa na kubadilisha shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi hiyo) mpaka akaridhika. Ikibana sana gia zinachemka, ikilegea sana meno yanavunjika. Lakini kilichonishawishi nimlipe bila kubishana kilikuja kabla ya oili kuingia. Alifunga skrubu ya chini, kwenye tundu la juu akaunga mpira wenye pampu ndogo na geji, akajaza upepo wa paundi kama 10, akapaka povu la sabuni kila kiungo. Sindano ikaanza kushuka taratibu. Povu likatoa mapovu madogo kwenye fimbo ya gia, sehemu ambayo hakuna mtu angeishuku. Akafumua hapo, akaweka sili nyingine, akarudia huku akizungusha shafti na kuitikisa fimbo. Safari hii sindano haikusogea. Oili akaijaza kutokea chini mpaka ikatoka juu, akafunga juu kwanza, kisha chini.

Sasa nyota ya tano. Aliniambia wiki moja, zikawa nyingi, na nusu ya huo muda spea zilikuwa zimeshafika. Simu alikuwa hapokei. Wateja wangu walikwenda kwa boti nyingine. Halafu baada ya ustadi wote ule alitaka kurudisha washa (vipete vya kuzibia) za zamani za skrubu za oili, kitu cha bei ya soda! Nilimzuia, zikawekwa mpya.

Kama bodi yako imeshaliwa na chumvi au ina ufa, usiingie huku, tafuta mguu mzima uliotumika. Bodi ikiwa nzima, inalipa. Mimi baada ya kazi za mwanzo nilimwaga oili kidogo kukagua, ilikuwa safi, na sasa navua propela kila mara kukata mishipi na kupaka grisi.

Nina mashine nyingine, ya nguvu farasi 15, inaanza dalili hizohizo. Nitampelekea yeye yeye, ila spea zote nazinunua kabla mguu haujapanda boti ya Nyamisati.