Amstrad PCW 8256: mwezi mmoja na kompyuta ya kuandikia

Niliinunua hapa Leicester kwa mtu aliyekuwa akihama nyumba. Aliniapia kwamba inawaka. Kuwaka iliwaka kweli, ila kusoma diski ikakataa: mkanda wa mpira wa draivu ulikuwa umeoza, unanata vidoleni kama lami. Nikatafuta mkanda mwingine, nikaufunga mwenyewe kwa bisibisi.

Bila diski mashine hii haijui lolote. Ukiiwasha, kioo kinajaa kijani kitupu, inakungoja uilishe diski ya inchi 3 (si zile za 3.5 tulizozizoea, na kuzipata siku hizi ni kazi). LocoScript, programu yake ya kuandikia, ikishaingia, kilichobaki ni kuandika tu.

Na kwa kuandika, imenikonga roho. Mistari 32, kila mmoja herufi 90, kwa hiyo upana wote wa ukurasa unauona mbele yako. Kukata, kunakili na kubandika kila kimoja kina kitufe chake. Mwaka 1985 iliuzwa pauni 399 kabla ya kodi, printa ikiwa humo humo. Printa yenyewe ina makelele, binti yangu anaiita cherehani. Msije mkaichukua peke yake lakini: akili yake imo ndani ya kompyuta, kwingine haifanyi kazi.

Kilichonishangaza ni prosesa, ubongo wa mashine. Ni Zilog Z80 ya megahetsi 4, ukoo mmoja na ile ya megahetsi 3.5 iliyomo kwenye kompyuta yangu nyingine, ZX Spectrum ya 1982! Ile ina rangi, ikawa ya gemu. Hii haina rangi, na sauti yake ni mlio mmoja tu, basi ikawa ya makarani na waandishi. Z80 hushika kilobaiti 64 tu za kumbukumbu kwa wakati mmoja, na humu zimo 256, kwa hiyo inazisoma kwa zamu, fungu baada ya fungu. Mwandikaji hahisi kitu. Uzito unauona tu waraka ukiwa mrefu na ukitaka kuruka hadi mwisho. Hapo nenda kaweke chai.

Nyota nne. Ya tano imekwenda na ule mkanda.

Barua ya kwanza nilimwandikia mama, Tanga. Ilipomfikia akanipigia simu: "Mwanangu, umepata kazi ya ukarani usituambie?"