Uchambuzi: mizani ya jikoni au kikombe cha kupimia unga?

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo ninachambua mizani ndogo ya kidijitali, ile bapa ya kilo 5 inayopatikana katika maduka ya vyombo hapa Kigoma, nikiilinganisha na kikombe cha kupimia ambacho wapishi wengi wa mikate na keki tumekizoea.

Kikombe cha mililita 240 kikijazwa unga mweupe wa ngano kwa kijiko, taratibu, kisha kikasawazishwa kwa mgongo wa kisu, hubeba takriban gramu 120 hadi 125. Kikombe hicho hicho kikichotwa moja kwa moja mfukoni na unga ukashindiliwa, hufika gramu 140 na hata 150. Kwa mkate unaodai vikombe 3, tofauti hiyo inaweza kuzidi gramu 70, na hapo ndipo mtu hulaumu hamira ilhali kinyunya kimepungukiwa maji. Sizungumzii hata vikombe vya chai, ambavyo kila nyumba ina vyake.

Kwa unga wa muhogo, ambao huku kwetu haukosekani jikoni, mizani inafaa zaidi. Unga uliotwangwa na kuchekechwa nyumbani haulingani kwa ulaini na uliosagwa mashineni, hivyo vikombe viwili vinavyoonekana sawa vinaweza kutofautiana kwa uzito. Muhogo hauna gluteni, yaani ile protini ya ngano inayoshikilia hewa mkate unapoumuka, kwa hiyo ni lazima kiasi chake kijulikane. Nikitaka robo yake katika nusu kilo ya unga, ninapima gramu 375 za ngano, ninabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kisha ninamimina gramu 125 za muhogo katika bakuli lile lile.

Sasa tazameni kitufe cha kubadilisha vipimo, kwa maana hapo ndipo mizani hii inapopotosha. Ukichagua mililita, haipimi ujazo hata kidogo. Inasoma uzito na kuuchukulia kana kwamba ni wa maji, ambayo mililita 1 ina gramu 1. Unga uliojaza kikombe cha mililita 240 utasomeka kuwa mililita 120 hivi, na asiyejua ataongeza mwingine kama huo. Kwa unga, tumieni gramu tu. Maji yatawafaa kuikagua: wekeni jagi tupu lenye alama, rudisheni sifuri, mimineni mililita 500, na namba isomeke karibu na 500.

Hamira ni habari nyingine. Kijiko cha chai cha hamira ya chembechembe ni kama gramu 3, na mizani inayohesabu gramu moja moja haiaminiki kwa kiasi kidogo hivyo. Hapo kijiko kinaishinda. Kinachoniudhi pia ni kwamba hujizima yenyewe ningali ninachekecha, na hesabu yote hupotea.

Anayepika chapati na kutambua ulaini wa kinyunya kwa mkono wake, sioni sababu ya kumnunulisha. Anayeoka keki za oda ainunue, ila achague yenye kioo kilichojitenga na sahani, kwa kuwa bakuli pana hufunika namba.