Miswada ya Riyadha mtandaoni: kurasa tumezipata, sauti bado

Mtu wa Lamu anayetaka kuitazama miswada ya Msikiti wa Riyadha, yaani vitabu vyake vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono, leo anaweza kufanya hivyo akiwa ameketi barazani katika mtaa wa Langoni, karibu kabisa na msikiti alioasisi Habib Swaleh, ilhali picha anazozifungua zimehifadhiwa London. Mradi wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, ulioanzishwa mwaka 2004, ndio uliogharimia upigaji picha, na kwa kanuni yake vitabu vyenyewe havikuondolewa nchini. Katika mji ambao mchwa na unyevu wa bahari havijapata kuihurumia karatasi, hii ni huduma ninayoithamini sana, nayo haina malipo.

Picha zenyewe ni nzuri. Mtazamaji anaweza kuukuza ukurasa mpaka akazifuata nukta na irabu moja baada ya nyingine, pamoja na maelezo yaliyobanwa pambizoni. Kwa mwanafunzi wa madrasa au wa chuo naipendekeza bila kusita, ila atumie kompyuta akiipata, kwa sababu kwenye kioo cha simu mstari mrefu hupotea kila anapousogeza.

Kasoro yake ya kwanza ni katalogi. Maelezo yako kwa Kiingereza, na majina ya vitabu vya Kiarabu yamenukuliwa kwa herufi za Kirumi kwa namna waliyoizoea wanazuoni wa vyuo vikuu, hata mwalimu anayekijua kitabu kwa moyo huenda asikitambue kwa jina lake. Jingine ni kuitegemea mitambo ya mbali. Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikakatika kwa miezi. Mradi hutaka nakala za kidijitali zibaki pia katika nchi ya asili. Nakala kama hiyo ingewekwa kwenye kompyuta ya maktaba mjini hapa, ingesomeka hata intaneti isipokuwapo.

Hata hivyo, ninalolitamani zaidi ni sauti. Kila Mfunguo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, Maulidi yanaposomwa Riyadha, simu huinuliwa kila upande na video zikaruka mtandaoni siku hiyohiyo, hivi kwamba jamaa aliye Mombasa au ughaibuni anasikia usomaji wenyewe, matari na maitikio. Huko sauti ipo lakini ukurasa haupo. Kwenye maktaba ya mtandaoni ukurasa upo nao uko kimya, na hakuna aliyeviunganisha viwili hivi.

Kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kimya hicho ni kizito. Waandishi wengi wa zamani hawakutofautisha e na i, wala o na u, na mara nyingi walitumia herufi ileile kwa b na kwa p, hivyo neno moja laweza kusomwa "bata" au "pata" kwa kutegemea muktadha na mazoea ya msomaji. Siku hizi ziko programu zinazojifunza kuyatambua maandishi ya mkono, na ninazitarajia kwa hamu, lakini nazo hufunzwa kwa kurasa ambazo mtu amekwisha kuzisoma na kuzinakili. Wanaoweza kuzisoma kwa ufasaha ni wachache, na wengi wao ni wazee.

Kwa hiyo maktaba hii ingeongezewa video za usomaji kabla ya jambo lingine lolote. Simu moja iliyofungwa juu ya meza, ikaelekezwa kwenye ukurasa huku mwalimu akisoma na kufuatisha kwa kidole, inatosha kuanza. Na kila video ikipewa namba ileile ya mswada iliyo kwenye katalogi, msomaji atatoka kwenye picha hadi kwenye sauti bila kutafuta.