Lua: leseni niliyoisoma mara mbili nikitafuta mtego

Nimetumia Lua, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa miaka minne, na kabla sijaisifu lugha yenyewe naanza na leseni, maana ndiyo iliyonileta kwake.

Kazi yangu niliianza kwa lugha nyingine, iliyotoka chuo kikuu fulani. Lugha nzuri, sina ugomvi nayo. Ukurasa wa kupakua ulisema ni bure kwa utafiti na ufundishaji, ila anayetaka kuipachika ndani ya programu ya kuuza awasiliane na ofisi ya leseni. Bei haikuandikwa popote. Nikatuma baruapepe, nikaulizwa nitauza nakala ngapi. Ningejuaje, na programu haijazaliwa? Nikapeleka makadirio, nikaletewa fomu, nikaijaza na kuirudisha. Kimya. Wiki ya saba nikakata tamaa. Fedha nilikuwa nimeshatenga, na mpaka leo sijui walitaka kiasi gani.

Ndipo nikapakua Lua. Furushi zima, msimbo wake pamoja na mwongozo, halifiki megabaiti 1. Sikujisajili, wala hakuna aliyeniuliza jina. Nikaandika make, amri ya kuijenga programu kutoka kwenye msimbo, na kabla sijanyanyuka kitini ikawa tayari. Masharti niliyakuta mwishoni mwa faili la lua.h, aya chache tu: tumia, badilisha, uza, mradi tangazo la hakimiliki libaki kwenye nakala. Ni leseni ya MIT, nayo asili yake ni chuo kikuu cha MIT cha Marekani.

Lililonigusa zaidi ni kwamba hata waundaji wa Lua walianzia kulekule nilikokwama. Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes waliiunda mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Rio de Janeiro. Toleo 1.1 la Julai 1994 lilikuwa bure kwa wanataaluma, na mfanyabiashara ilibidi aje wajadiliane. Wameeleza wenyewe yaliyotokea: watu wachache waliulizia, mkataba haukufungwa hata mmoja. Februari 1995 wakatoa toleo 2.1 bure kwa kila mtu na kwa kazi yoyote. Leseni ya MIT ikafuata na toleo 5.0 mwaka 2003. Leo Lua imo ndani ya programu ya picha ya Adobe Lightroom na mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft. Kwa masharti ya 1994, siamini ingefika huko.

Sisemi vyuo visidai malipo. Lugha inahitaji watu wa kuitunza, na watu hao wanakula. Ila bei iandikwe pale pale penye kitufe cha kupakua, ili mtu ajue kama anaimudu au la.

Kasoro za Lua zipo. Kigeu, yaani jina linalobeba thamani, usichokitangulizia neno local kinaonekana programu nzima. Kosa hilo lilinimalizia jioni moja nikisaka herufi niliyoikosea. Kuhesabu orodha kuanzia 1, si 0 kama lugha nyingi, nilizoea haraka. Kinachoumiza kweli ni matoleo: msimbo wangu wa 5.1 uligoma kwenye 5.2 kwa sababu setfenv, amri niliyoitegemea, ilikuwa imeondolewa. Ukiipachika, chagua toleo moja ukae nalo.

Kitabu cha mmoja wa wabunifu wake, chapa ya kwanza, kinasomeka bure kwenye tovuti yao; chapa za baadaye zinauzwa. Nilisoma ile ya bure hadi mwisho, kisha nikanunua mpya. Bei ilikuwa imeandikwa, nikalipa siku hiyohiyo.