Redio koli ilikuwa mezani: uzoefu wangu na mwendokasi

Napanda mwendokasi, yale mabasi ya Dar es Salaam yenye njia yao ya peke yake, tangu ulipoanza mwaka 2016, nauli ikiwa shilingi 650, na muda wote huo sijawahi kuandika neno kuhusu huduma yake. Nimesukumwa, nimekanyagwa, nimepasuliwa mkoba mlangoni, nimenyamaza. Safari hii nimeshindwa. Safari hii aliyeumia ni mama yangu, na aliyemuumiza alikuwa na jibu pale pale mezani kwake akaamua kukaa nalo.

Ilikuwa asubuhi moja ya hivi karibuni, mvua zikiwa ndiyo zinaanza. Mama ana sukari. Kila baada ya miezi kadhaa anatakiwa kupimwa damu kabla hajatia kitu mdomoni, na maabara wanapokea wa aina yake mpaka saa mbili na nusu tu. Tukatoka nyumbani kabla hata jua halijachomoza. Kituo sikitaji, ila ni kimojawapo cha vile vilivyo kati ya Kimara na Ubungo, na wanaokaa upande huo wanajua maana yake: magari yanatoka Kimara yameshajaa, yanakupita kwenye ile njia ya pembeni bila kusimama, wewe unabaki kuangalia migongo ya watu iliyobanwa kwenye vioo.

Nikakata tiketi mbili, nikaskani, geti likafunguka, tukaingia. Watu hawakuwa wengi bado. Skrini ya kuonyesha magari yanayokuja ipo, inaning'inia juu ya mlango wa pili, imezima. Shomoro wamejenga nyuma yake. Vijiti vya kiota vimechomoza pembeni na sakafu chini yake imejaa mavi ya ndege, na kwa jinsi yalivyogandamana mtu anajua kabisa kwamba skrini ile haijaguswa siku nyingi.

Dakika ishirini zikapita bila gari. Sisemi magari yalipita yamejaa. Hapakupita gari lolote, njia tupu mpaka macho yanapoishia. Na watu wanazidi kuingia, kwa sababu dirishani tiketi zinakatwa kama kawaida. Nusu saa. Kituo kimejaa sasa, joto limepanda, mtoto analia, kila mtu amekunja shingo kutazama upande wa Kimara kana kwamba kutazama kutalileta gari.

Mama yangu si mtu wa kulalamika. Alikuwa amesimama ameikumbatia bahasha yake ya kaki yenye kadi za kliniki, mtandio umemshuka, na mimi namwangalia vidole. Nawajua vidole vile. Vikianza kutetemeka kwenye ncha, sukari inashuka. Natembea na pipi kwenye mkoba kila siku kwa ajili ya dakika hiyo. Lakini nikimpa pipi, kipimo kimeharibika na siku imepotea, usiku mzima wa njaa umekwenda bure. Nisipompa, na gari lisije, anaweza kuniangukia pale pale. Sasa niambieni, mtu anaamuaje? Kama gari liko hapo kituo cha Korogwe unavumilia kidogo. Kama halipo kabisa unatoka nje mbio kutafuta bajaji. Yote yanategemea kitu kimoja tu, gari liko wapi, na hicho ndicho hakuna aliyekuwa tayari kutuambia.

Nikarudi dirishani.

"Kaka, habari za asubuhi. Samahani, gari linalofuata liko wapi?"

Hakuinua uso. "Litakuja."

"Sawa, litakuja. Ila liko wapi kwa sasa? Nina mgonjwa."

"Dada, tiketi umeshakata, si ndiyo? Subiri ndani huko. Kwani mimi dereva?"

Mama alikuwa amenifuata nyuma polepole. Akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Baba, tunauliza tu." Kijana yule, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, hata shikamoo hakutoa. Akamwambia, "Bibi, sogea pembeni, unazuia wateja."

Mama yangu, mwenye tiketi mkononi, anazuia wateja.

Na hapo ndipo redio koli iliyokuwa mezani kwake, kando ya boksi la chenji, ikakoroma ikasema, kila aliyekuwa dirishani akasikia: zile gari mbili bado zimezima Mbezi, na ile nyingine imegeuzwa Ubungo, narudia, imegeuzwa Ubungo, Kimara hamna gari kwa sasa.

Yule kijana akanyoosha mkono, akapunguza sauti. Kisha akamkatia tiketi mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Tangu siku hiyo nimeshaisimulia habari hii kwa watu kumi, na kila nikifika hapa kifua kinanibana. Alijua. Alijua kabla hajanikatia mimi, au angalau alijua alipokuwa anawakatia hawa wengine walioendelea kuingia. Kituo kizima kilikuwa gizani na mwanga uko kwenye meza moja, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mama anayetetemeka, na alichofanya ni kupunguza sauti. Nilimwomba anirudishie pesa zangu nikatafute bajaji. Akasema tiketi ikishaskaniwa hairudishwi. Si pesa yenyewe iliyonikera. Ni kwamba umenichukulia nauli ya safari ambayo wewe unajua fika kuwa kwa wakati huo haipo.

Nikampa mama pipi. Nikatandika khanga yangu sakafuni, nikamkalisha, watu wakatusogea wakatupa nafasi, Mungu awabariki.

Najua mtakaloniambia: tatizo ni uchache wa magari. Sibishi. Njia ile ya kwanza, Kimara mpaka Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Kariakoo, ni kama kilomita 21, na ilianza na mabasi 140. Tangu hapo watu wa Mbezi na Kibaha wamezidi kuongezeka kila mwaka, magari yamezeeka, na mafuriko ya Msimbazi yameshawahi kuingia mpaka ndani ya karakana ya Jangwani yakaharibu mengine. Haya yote nayajua na nayaonea huruma. Basi jipya linataka mabilioni, linataka zabuni, linataka meli. Kusema "Kimara hamna gari kwa sasa" kunataka mdomo tu.

Na wala msiniambie teknolojia ni ngumu. Mabasi ya mikoani hapa hapa kwetu yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, dereva akizidisha kilomita 80 kwa saa kinaanza kupiga kelele abiria wote wanasikia, na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, wanaona gari liko wapi na linakwenda vipi. Basi la Mwanza linafuatiliwa mpaka porini. Bodaboda niliyemwita kwa simu namwona kwenye ramani anakata kona ya Shekilango, naona na namba ya pikipiki yake. Kazi yenyewe ni ile ile: kifaa kwenye gari kinajua mahali kilipo kwa satelaiti, kinatuma kwa mtandao wa simu, ofisini wanaona, na kile wanachokiona wanakirusha kwenye skrini ya kituo. Wakishindwa skrini, wapo watu na redio koli. Wakishindwa na hilo, chaki na kipande cha ubao dirishani kingetosha: magari mawili yameharibika, mwenye haraka asikate tiketi. Ningelisoma hilo kabla sijatoa pesa, ningechukua bajaji toka mapema, na mama angefika maabara angali hajala kitu.

Magari yalikuja kwenye saa moja na robo. Matatu, yameongozana kama msafara wa harusi. Hili nalo si bahati mbaya, wala si uchawi wa mwendokasi. Gari likichelewa, vituoni watu wanarundikana. Likifika linachukua muda mrefu kupakia, linazidi kuchelewa, la nyuma yake linakuta vituo vitupu linakimbia mpaka linalifikia la mbele. Mwongozaji anayeyaona yote kwa wakati mmoja angelizuia la pili dakika chache pale Kimara, likaja kwa nafasi yake. Asiyeona atazuia nini? Kwa hiyo taarifa ninayoililia mimi si kwa ajili ya abiria peke yake. Hata wao wenyewe wanaihitaji.

La kwanza watu waliligombania mpaka madirishani. La tatu lilikuwa na nafasi. Tukapanda hilo.

Na hapa lazima niwe mkweli, ingawa ukweli wenyewe unanivurugia hasira. Kijana mwenye begi la mgongoni alimwona mama akainuka kabla sijamwomba. Dereva aliangalia kwenye kioo, akasubiri mama akae ndipo akaondoa gari, taratibu, bila kutikisa. Halafu tukaenda. Tukapita Ubungo pale daraja la Kijazi, Shekilango, Urafiki, Manzese, magari madogo na daladala pembeni yetu yamesimama kimya yamegusana, na sisi tunapita. Magomeni. Jangwani. Chini ya nusu saa tulikuwa tumeshuka kituo cha Fire. Mimi nimeishi foleni ya Ubungo ya zamani. Nimewahi kuamka saa kumi alfajiri ili niwahi Kariakoo kufungua fremu saa mbili, nimewahi kusimama mguu mmoja kwenye daladala kutoka Kimara mpaka Magomeni, saa mbili nzima, jasho la mtu mwingine likinidondokea shingoni. Ndiyo maana jiji letu lilipopewa ile tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, kwa ajili ya njia hii hii, nilimtumia dada yangu aliye Mwanza picha ya gari langu la asubuhi nikamwambia, unaona sisi. Nilijivunia. Bado najivunia. Kichwani nilikuwa nimeshaandika "msipande", na tulipofika Jangwani nikalifuta.

Tulipofika maabara nikalirudisha. Tuliwahi, saa mbili kasoro. Dada wa mapokezi akauliza, mama amekula chochote? Mama, ambaye hajui kudanganya, akasema, pipi moja. Basi, akaandikiwa arudi Alhamisi. Usiku mwingine wa kulala na njaa, kwa mwanamke wa umri ule. Na yule kijana wa dirishani saa hizo anakunywa chai.

Kwa hiyo mkiniuliza huduma ikoje, jibu langu linategemea mnaniuliza nikiwa wapi. Ukiniuliza nikiwa ndani ya gari linalotembea, nitakwambia hakuna kitu kizuri kuliko hicho kilichowahi kujengwa kwa ajili ya mtu wa kawaida wa Dar es Salaam. Ukiniuliza nikiwa kituoni, nitakwambia wamejenga barabara ya haraka wakaiwekea mlango wa kubahatisha. Njia ya peke yake inakuokoa na foleni. Kungoja pasipo kujua kunakurudishia foleni ile ile, tofauti ni kwamba sasa umesimama. Mimi naweza kungoja dakika arobaini kama mtu ataniambia ni arobaini. Nitakaa, nitampigia fundi wangu simu, nitajua kama pipi itoke au isitoke. Dakika kumi za kutojua zinamaliza mtu kuliko hizo arobaini, na aliyewahi kusimama na mgonjwa anajua.

Kuna siku nadhani namwonea yule kijana. Pengine ameagizwa asiseme. Pengine alishawahi kusema, watu wakampigia dirisha mawe. Pengine anaanza kazi saa tisa usiku na hakuna anayemshukuru. Halafu namkumbuka anavyopunguza sauti, na huruma inaisha.

Alhamisi tulirudi kituo kile kile. Mama ndiye aliyeng'ang'ania. Bajaji inamtikisa mgongo. Akaniambia njiani, "Ila leo uulize kabla hujatoa hela." Dirishani alikuwepo binti, simjui, amejifunga ushungi wa bluu. Akamwamkia mama shikamoo. Nikamwambia, "Mdogo wangu, sitoi hela mpaka uniambie gari liko wapi." Nilikuwa nimeshajiandaa kwa ugomvi, sauti imeshapanda. Binti akachukua redio koli, akabonyeza, akauliza, akasikiliza.

"Limeondoka Kimara sasa hivi, mama. Dakika nane hivi."

Zikawa kumi na moja. Mama alizihesabu kwenye saa yake.